Mrejesho: Dada mwenye macho ya njano, homa ya ini B na C hana

Wakuu, niliwauliza kuhusu dada yangu wa Mbagala: macho ya njano, uchovu, viungo vinauma, vipimo vya homa ya ini B na C safi, na mtaani wanasema karogwa. Jibu limepatikana. Kinga ya mwili wake inashambulia ini lake lenyewe.

Mlioshauri tuombe rufaa Muhimbili, Mungu awabariki. Daktari aliuliza kwanza dawa zote anazotumia, hadi za mitishamba, maana nazo huweza kuumiza ini kwa namna ileile. Kwenye damu, vimeng'enya vya ini vilikuwa juu, IgG (aina ya kingamwili) juu, na kingamwili zinazolenga mwili wenyewe, yaani za ANA na za misuli laini, zilikuwepo. Hata hapo hakukata shauri, akataka kinyama kidogo cha ini kipimwe. Dada aliogopa mno, lakini ilikuwa ganzi ubavuni, sindano, kisha akalala ubavu wa kulia huku nesi akimpima presha kila mara. Majibu yakathibitisha; makovu kwenye ini bado ni machache.

Ameanza prednisoloni, azathioprini itafuata; zote ni dawa za kutuliza kinga ya mwili. Haruhusiwi kuziacha ghafla hata akijisikia mzima.

Prednisoloni hupandisha sukari, na kwetu kisukari kipo upande wa mama. Mliowahi kuuguza mtu kwenye dawa hii, mlimpangiaje chakula?