Mji bado unakua na hela ni kidogo, mipango ianzie wapi ili ustahimili mafuriko na joto?

Mdadisi_Mitaa

Habari zenu wakuu. Nimekuwa nasoma sana mambo ya miji endelevu na miji stahimilivu, na kadri ninavyosoma ndo maswali yanazidi. Umoja wa Mataifa walishakadiria kwamba ikifika 2050 karibu asilimia 68 ya watu wote duniani watakuwa wanaishi mijini, na sehemu kubwa ya hilo ongezeko ni Afrika na Asia, tena sio kwenye yale majiji makubwa tu, ni mpaka kwenye miji ya kati na midogo ambayo sa hivi hata ramani yake ya mipango miji haijakamilika.

Sasa ukisoma mapendekezo ya wataalamu unaambiwa fanya kila kitu, panda miti, leta mabasi ya mwendokasi, tenganisha taka, weka sola, chimba mitaro, funga mitambo ya kidijitali. Vyote vizuri, sipingi. Ila halmashauri yenye bajeti ndogo haiwezi kuvifanya vyote kwa mpigo, na kila mwaka wanaohamia ni wengi kuliko viwanja vilivyopimwa. Kwahiyo swali langu ni moja: ukiambiwa uchague kitu cha kwanza, kile ambacho usipokifanya sasa baadaye kukirudisha ni shughuli pevu, ungeanza na nini? Naomba mifano ya sehemu ambako kilifanyika kweli, nadharia tunazo za kutosha.

FundiMitaro

Mkuu swali zuri sana. Mimi kazi yangu ni mitaro na makalavati (yale mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara) kwahiyo lazima nivutie upande huo, lakini sababu ninayo. Anza na njia ya maji.

Milimita moja ya mvua ikidondoka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 100 za mraba likipigwa mvua ya milimita 50 linamwaga lita 5,000. Hekta nzima ikishafunikwa zege, lami na mabati inatema karibu lita laki tano kwa mvua hiyohiyo, na yanashuka kwa pamoja, wakati mwanzo palikuwa na majani na udongo unakunywa sehemu kubwa na kinachobaki kinatiririka taratibu. Ndo maana mtaro uliotosha miaka 20 iliyopita leo unafurika hata kama mvua ni ileile, kisa huko juu pamejengwa. Na mvua yenyewe sio ileile tena, hewa ikiongezeka joto nyuzi moja ya Selsiasi inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi.

Wengi wanadhani dawa ni kupanua mtaro. Ukipanua wa juu bila kugusa wa chini umewahamishia mafuriko wa bondeni, basi. Nendeni mkaangalie kalavati baada ya mvua kubwa: mdomo wa juu umeziba kwa matawi na chupa za plastiki, mchanga umejaa nusu ya bomba, maji yakikosa pa kupita yanapanda juu ya barabara na yanaanza kulila tuta upande wa pili, kwa chini, pasipoonekana. Siku mbili mbele gari linapita juu, barabara inakatika. Zege lilikuwa zima kabisa, kilichokosekana ni mtu wa kuzibua na nafasi ya maji kutulia kabla hayajafika hapo.

Mfano uliofanyika kweli ni Copenhagen, Denmark. Tarehe 2 Julai 2011 walipigwa na mvua ya zaidi ya milimita 100 ndani ya masaa mawili hivi, hasara ikawa kubwa ajabu, na mwaka uliofuata wakapitisha mpango wa mvua kubwa wenye miradi kama 300. Hawakutegemea mabomba makubwa peke yake, wakaamua baadhi ya barabara na bustani ziwe njia na mabwawa ya muda. Bustani ya Enghaveparken sasa inaweza kushika zaidi ya lita milioni 20, siku za kawaida watu wanacheza humo. Rotterdam ya Uholanzi nao mwaka 2013 walifungua uwanja wa Benthemplein, una mabeseni matatu yaliyochimbwa chini, lenye kina kuliko yote ni kiwanja cha michezo, mvua ikizidi linajaa maji kwa muda halafu yanaondolewa taratibu.

Binti_Ramani

Kaka FundiMitaro nakubaliana na hesabu zako ila mifano yako ni ya miji tajiri ambayo ilishajengwa ikaja kurekebishwa kwa gharama kubwa. Mdadisi anauliza mji ambao bado unakua. Jibu langu ni ardhi. Tenga ardhi ya barabara kuu, ya mabonde na ya bustani kabla watu hawajafika, wakati bado ni mashamba na mapori, hata kama hamtaweka lami leo wala mwaka huu.

Angalia Manhattan. Mpango wa 1811 ulichora mitaa 155 ya kukatiza na njia kuu 12 wakati jiji zima la New York halijafika hata watu laki moja na sehemu kubwa ya kisiwa ni mashamba na vilima. Hawakujenga hizo barabara siku hiyo, walichora mistari na wakailinda, mji ukaja kuikuta. Lakini eneo kubwa la wazi hawakulitenga la kutosha, na miaka ya 1850 walipotaka kutengeneza Central Park ikabidi wahamishe watu, ikiwemo jamii ya Wamarekani weusi waliokuwa na nyumba na makanisa yao pale Seneca Village. Kwahiyo hata walioona mbali kwenye barabara, kosa la upande wa bustani lililipwa na wanyonge.

Na Barcelona. Yule mhandisi Cerdà mpango wake wa 1859 kila bloku ilitakiwa ijengwe pande mbili tu, katikati pabaki bustani, barabara za mita 20, kona za majengo zimekatwa mshazari ili pawe na mwanga na nafasi ya kugeuza. Alikuwa anapanga kwa ajili ya afya, maana mji wa zamani ndani ya kuta ulikuwa umebanana kupindukia na kipindupindu kinaua. Barabara na zile kona zimebaki mpaka leo. Bustani je? Wenye viwanja wakajenga pande zote nne, wakaongeza ghorofa, katikati wakajaza mabanda na karakana. Kilichokuwa ardhi ya umma kilipona, kilichoachwa ndani ya kiwanja cha mtu kililiwa. Hilo ndo la kubeba, ukitaka nafasi ibaki nafasi iwe na hati ya umma, iwekewe mipaka na vigingi, na iwe na matumizi ya kila siku, kwa sababu ardhi ya umma iliyokaa tupu lazima kuna mtu ataipigia hesabu.

Kwa miji isiyo na hela nyingi Curitiba ya Brazili inafaa zaidi kusomwa. Jaime Lerner aliingia umeya 1971, na badala ya kuibana mito yote kwenye mifereji ya zege wakatenga mabonde yawe bustani zenye mabwawa. Parque Barigui ni ya 1972, mto ukijaa bwawa linapokea. Na hapohapo wakaunganisha ramani ya usafiri na ya majengo, kwenye njia za mabasi ruhusa ya kujenga ghorofa, mbali nazo majengo yanashuka. Ujenzi wa msongamano na usafiri vilipangwa kwa kalamu moja.

Mzee_wa_Bondeni

Wanangu mnaongea vizuri ila mnawasahau watu. Bonde mnalosema litengwe lina familia ndani yake. Hakuna mtu anayechagua kulala kwenye maji kwa kupenda. Anakaa pale kwa sababu kodi ni nafuu na kazini anafika kwa miguu. Ukimbomolea ukampeleka nje ya mji ambako nauli inakula nusu ya kipato, baada ya muda atarudi bonde hilohilo au la pili yake, halafu mtasema wananchi wakaidi.

Kwahiyo ninachoomba mimi, kabla ya tingatinga tafuteni ardhi ya pili iliyopimwa, iwe karibu na kazi au iwe na usafiri wa uhakika. Medellín ya Kolombia walipeleka magari ya kamba, yale yanayoning'inia kwenye waya, mlimani kwenye mitaa maskini 2004, na baadaye maktaba na ngazi za umeme, wakawaunganisha na jiji bila kuwahamisha. Haikumaliza shida zote lakini yule mama wa kilimani akaanza kuhesabika kuwa ni mkazi wa jiji. Na Seoul wanayoisifia kila siku, ule mto Cheonggyecheon waliobomoa barabara ya juu wakaufungua 2005, ni mzuri kweli na eneo lile limepoa, ila wafanyabiashara wengi wadogo waliokuwa pale waliondolewa, na maji yanayopita kwa sehemu kubwa ni ya kusukumwa na pampu. Msiige picha, ulizeni nani alilipa.

Mdadisi_Mitaa

Shikamoo mzee, na asante sana kwa hilo. Binti_Ramani nimekuelewa. Ila hakuna aliyegusa joto, na kuna kitu kingine kinanisumbua: tukitenga vyote hivyo halafu ije mvua iliyozidi makadirio yote, si tumerudi palepale?

Nesi_Mtaani

Joto nijibu mimi, linaua kimyakimya kwa sababu kwenye cheti inaandikwa moyo au figo. Chicago Julai 1995 walikufa zaidi ya watu 700 ndani ya siku chache, wengi wazee waliokuwa wanaishi peke yao bila wa kuwagongea mlango. Ahmedabad ya India nao 2010 walipigwa na wimbi la joto baya, 2013 wakaanzisha mpango wa kukabiliana nalo, na ni wa bei ya kawaida kabisa: tahadhari mapema kwa simu na redio, wahudumu wa afya wafundishwe dalili, maji ya kunywa barabarani, na mapaa ya nyumba za hali ya chini yapakwe chokaa nyeupe yarudishe jua. Hii haisubiri mkopo wa benki ya maendeleo. Miti nayo ni muhimu sana lakini bajeti iwe ya kumwagilia miaka mitatu ya mwanzo, sio ya siku ya kupanda na kupiga picha.

FundiMitaro

Mdadisi swali lako la mvua kuzidi ndo lenyewe. Zhengzhou, China, walishamwaga hela nyingi kwenye mpango wa jiji sponji, yaani jiji linalonyonya mvua kwa bustani na udongo, tarehe 20 Julai 2021 ikanyesha milimita 201.9 ndani ya saa moja, maji yakaingia mpaka kwenye treni ya chini na abiria 14 wakafa. Hakuna bustani inayokunywa mvua hiyo. Kwahiyo kila mchoro uwe na swali la pili: huu mfumo ukishindwa, maji yanaenda wapi na yanamkuta nani? New York kimbunga Sandy cha 2012 kiliiacha hospitali kubwa gizani kwa sababu vifaa vya umeme wa akiba vilivyokuwa chini vilifurika, wakashusha wagonjwa zaidi ya 300 kwa ngazi, na vichanga wamo. Jenereta, dawa, seva, vyote vipande juu, na barabara ya kukimbilia isipite bondeni.

Na mzee yuko sahihi, nikiwa saiti hao wa bondeni ndo ninaowauliza kwanza. Upana wa kutenga usiutoe ofisini peke yake. Chukua futi kamba na kopo la rangi, pita nyumba kwa nyumba uonyeshwe maji yalifika wapi mwaka ule mbaya, ile alama ya tope ukutani inakaa muda mrefu kama hapajapigwa rangi upya. Pima kutoka usawa wa mto, andika mwaka, mpe mpima aingize kwenye ramani ya mwinuko kabla vigingi havijachomekwa. Ongeza juu yake, maana mvua zijazo hazitafanana na zile.

Mdadisi_Mitaa

Nimeipata mkuu. Rasimu ya mpango kabambe ikibandikwa kwa maoni ya wananchi nitaanza na ukurasa wa mabonde, niangalie upana umeandikwa kwa kipimo gani na hati ziko kwa jina la nani. Mzee, lile la ardhi ya pili nitaliuliza hadharani, na naomba uje tuulize wote.