Bodi ya kaiti kwa upepo wa kusi: sentimita 132x39 au 136x41? Nina kilo 78

chipukizi_paje:
Habari wakuu, na shikamooni kwa wakubwa. Niko Paje, Unguja, kilo 78, huu mwaka wa pili napiga kaiti (kuteleza majini juu ya bodi ukivutwa na tiara kubwa). Bodi yangu ni tuintipu (ncha zote mbili zinafanana) 140x42, ndo niliyojifunzia, na kaiti ninazo mbili, za mita za mraba 12 na 9. Kaskazi yote nilikuwa najiona fundi ila hii kusi ya mwezi wa saba jamani ni habari nyingine, upepo ukifika noti 23, 24 hivi bodi inakuwa kama mlango, inagonga viwimbi tap tap tap, nakanyaga visigino mpaka mapaja yanawaka moto na bado navutwa demani tu, yaani upepo unakoelekea, juzi nimerudi kwa miguu kutoka Bwejuu bodi kwapani watoto wananicheka njia nzima. Sasa kuna mgeni anaondoka Jumamosi anauza bodi mbili, 132x39 na 136x41, hela yangu inatosha moja. Mi roho inaenda kwenye 132 kwa sababu upepo mkali bodi ndogo, au nakosea?

galu_na_upepo:
Niaje. Chukua 132 na usiwaze sana. Mi niko Galu hapa Diani, natumia 133 na kusi ikishika ni raha tupu. Bodi kubwa upepo mkali unaingia chini yake inakunyanyua, ndogo unaizamisha ukingo inakaa, hata kuigeuza ukiwa hewani haina shida

chipukizi_paje:
Asante kaka, una kilo ngapi?

galu_na_upepo:
65

dada_mwani:
Haya, kilo 65 anamshauri kilo 78 😂 Mdogo wangu ngoja kwanza, piga hesabu ya kawaida tu, urefu mara upana. Yako 140x42 ni 5880. 136x41 ni 5576, umepungua asilimia 5 hivi. 132x39 ni 5148, hapo umepungua zaidi ya asilimia 12 kwa mpigo mmoja. Kona za bodi zimekatwa kwahiyo eneo lenyewe ni dogo kuliko hapo lakini kwa kulinganisha inatosha. Na watu wanapenda kutaja urefu tu wakati upana ndo unauma, kwa bodi yako sentimita moja ya upana ina eneo sawa na sentimita tatu na ushee za urefu, kwahiyo kutoka 42 kwenda 39 si jambo dogo. Siku ya noti 25 utaipenda hiyo 132, ila kusi ya Paje mara nyingi inacheza 15 mpaka 20, siku hizo ikilegea kidogo utazama, kupanda joshi (kwenda upepo unakotoka) hupandi, na Bwejuu utaenda tena kwa miguu.

Kingine, ziangalie roka, yaani mpindo wa bodi. Laza bodi tumbo chini kwenye sakafu iliyonyooka (sio mchangani) uone ncha zimenyanyuka kiasi gani. Iliyopinda zaidi inameza viwimbi, magoti yanakushukuru, ila ni nzito kuanza kukimbia. Iliyonyooka inakimbia na kupanda joshi vizuri lakini maji yakichafuka inakupiga mpaka meno

mzee_wa_ngalawa:
Mwanangu, mimi kaiti siijui sana, vijana wangu ndio wanaopiga, mimi ni mtu wa ngalawa. Lakini nikuulize, upepo ukizidi nahodha anabadilisha chombo au anapunguza tanga? Wewe tanga lako ni mita 9 na unalalamikia ubao.

chipukizi_paje:
Shikamoo mzee. Hapo umenigusa kweli, ila kaiti ya 7 bei yake ni mara mbili ya hizi bodi, mfuko hauruhusu

dada_mwani:
Mzee kamaliza. Kuna kanuni wengi wanaitumia, kilo zako mara 2.2 gawa kwa noti. 78 mara 2.2 ni 171 na kitu. Kwa noti 20 inakuja 8.6, yaani 9 yako iko sawa kabisa. Kwa noti 25 inakuja 6.9. Sasa noti 24 na kaiti ya 9 na bodi ya mlango, lazima uende Bwejuu

kutoka_masirah:
Salaam aleikum. Mimi mzaliwa wa Unguja ila niko Oman, kiangazi nakwenda kisiwa cha Masirah na jamaa. Hiyo kusi yenu ikivuka ikweta inapinda inatufika huku kama upepo wa kusi magharibi, na huku haina mzaha, noti 30 si ajabu, mchanga unakuchoma miguu kabla hujaingia majini. Nina kilo 80. Nilinunua 131 kwa ajili ya huku na wallahi siku za 28, 30 na kaiti ya 6 ndio bodi ninayoitaka. Lakini likizo nikija nayo Paje inakaa kwenye mfuko, natumia 137. Bodi ndogo ni ya mtu ambaye upepo wake ni mkali kila siku na kaiti ndogo anazo tayari. Kwako 136.

galu_na_upepo:
Sawa nimeshindwa, hiyo ya kilo sikuwaza. Lakini 132 ni tamu bana

fundi_fini:
Kabla hujatoa hela angalia fini, vile vipezi vya chini ya bodi. Kama 140 yako ina fini fupi za sentimita 4, za 5 zinashika zaidi ukiwa na kasi na hela yake ni ndogo, skrubu nyingi ni M6, bisibisi tu. Ila maji yakipwa siku za bamvua fini ndefu huko kwenu ni balaa, kuna mawe na vijiti vya kina mama wa mwani, ukipita juu ya kamba za watu utavunja fini na utatukanwa, na watakuwa na haki.

dada_mwani:
Mama yangu ana kamba zake hapo, tafadhalini jamani piteni mbali 🙏

chipukizi_paje:
Mrejesho wa Ijumaa. Yule mgeni kaniruhusu nizijaribu zote na rafiki kaniazima kaiti ya 7 kwa saa moja. Maji yalikuwa yanajaa, upepo 22 mpaka 25. Nikaanza na mlango wangu na kaiti ya 7, wakuu, nusu ya shida ikaisha palepale, mzee heshima yako. Halafu 136 na kaiti yangu ya 9, nilikuwa nimevuta kamba ya kupunguza nguvu mpaka mwisho lakini bodi ilikaa, nikarudi palepale nilipoingilia, mara ya kwanza wiki hii. 132 mwanzo ilikuwa kama kisu, nikasema galu alikuwa sahihi, kisha upepo ukalegea dakika tano nikazama mpaka kiunoni. Roka za zote mbili naona zinafanana, labda jicho langu.

Nimechukua 136. Mlango 140x42 nauuza, una mkwaruzo mmoja chini wa jiwe la Bwejuu, fini zote nne zipo. Na mwenye 7 iliyotumika, kamba zikiwa nzima, anicheki inbox, nalipa kwa mafungu mawili.