Bei ya mwisho ijaze siku tupu kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, mnafanyaje?

Mtu_wa_Nkuhungu:
Wakuu, habari za jioni. Nina jedwali la bei za mahindi: Kibaigwa, Kondoa na Majengo hapa Dodoma mjini. Wakala asipotuma bei, mstari wa siku hiyo unakuwepo ila bei ni NULL, yaani haina thamani. Nataka ichukuliwe bei ya mwisho inayojulikana ya soko lilelile. LAG kwa kawaida inarudi mstari mmoja tu nyuma, kwa hiyo siku tatu tupu zikifuatana, mbili zinabaki tupu.

Pia nina jedwali la mvua, Hombolo na Mpunguzi. Huko nafikiria COALESCE(mm, 0) tu, yaani NULL yoyote ya safu ya mm (milimita) isomeke sifuri. Kuna ubaya?

Kweri_Kwanza:
Mkuu, kwenye bei tumia hii:

```
SELECT soko, siku, bei,
  MAX(bei) OVER (PARTITION BY soko, kundi) AS bei_jazwa
FROM (
  SELECT soko, siku, bei,
    COUNT(bei) OVER
      (PARTITION BY soko ORDER BY siku) AS kundi
  FROM bei_mahindi
) t;
```

COUNT(bei) haihesabu NULL, hivyo namba inapanda siku yenye bei tu. Jumatatu 720, Jumanne na Jumatano tupu, Alhamisi 750: kundi linakuwa 1, 1, 1, 2. Kila kundi lina bei moja, MAX inaichukua. Siku za mwanzo kabisa kabla ya bei yoyote zinaangukia kundi 0 na kubaki NULL, na ndivyo inavyotakiwa.

Mama_Mtama:
Kwenye mvua, ndugu yangu, nakuomba usiweke sifuri. Sifuri maana yake mtu alikwenda kwenye kipimamvua akakuta hakuna kitu. NULL maana yake hakuna aliyesoma. Mvua zetu ni msimu mmoja, na siku chache za mvua kubwa zinaweza kubeba sehemu kubwa ya mwezi. Siku ambayo mpimaji hakufika inaweza kuwa ndiyo iliyonyesha kweli, korongo limejaa na njia haipitiki.

Angalia hesabu yenyewe: 10, NULL, 20. AVG inaruka NULL, inakupa 15. Ukiweka COALESCE inakuwa 10, yaani umetangaza ukame ambao hakuna aliyeupima. SUM nayo inaruka NULL kimyakimya, kwa hiyo jumla ya mwezi inaonekana imekamilika wakati haijakamilika. Weka pembeni yake `COUNT(*) - COUNT(mm) AS siku_zisizosomwa`, anayepanga kupanda mtama aione. Na `WHERE mm <> 0` inaziacha nje NULL pia. Ukizitaka, andika `OR mm IS NULL`.

Mtu_wa_Nkuhungu:
Asante sana dada, mvua naiacha na NULL zake. Je, bei niibebe mpaka lini? Kondoa kuna wiki mbili hazina kitu.

Kweri_Kwanza:
Wakati wa mavuno bei inashuka haraka, mimi nisingevuka siku tano. Kwenye kweri ya nje (SELECT ya juu) ongeza `siku - MIN(siku) OVER (PARTITION BY soko, kundi) AS umri`, kisha ikizidi 5 rudisha NULL kwa CASE. Safu ya bei yenyewe usiibadilishe kwa UPDATE.