Raba za lami, za mchanganyiko au za porini kabisa? Njia yangu ina kila kitu

Binti Uru

Wakuu, habari za asubuhi. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela, maana hela yenyewe nimeidunduliza tangu mwezi wa sita.

Nakaa Uru, juu ya Moshi. Nakimbia mara nne kwa wiki, alfajiri kabla ya kazi. Njia yangu ni kilomita 12. Lami kama kilomita 5, barabara ya vumbi yenye mawe kilomita 4, zinazobaki ni vijia vya katikati ya migomba na kahawa, naruka mifongo (mifereji ya maji ya mashambani), na mwisho kuna mteremko mkali wa udongo mwekundu kama mita 300. Halafu kila mwaka nakimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro, na ile ni lami tupu.

Raba nilizonazo ni za lami na zimebaki kipara. Masika iliyopita niliteleza kwenye ule mteremko nikaangukia mkono. Wiki tatu sikuweza hata kukamua nguo.

Nimebakiwa na machaguo matatu. Kwanza Nike Pegasus ya kawaida, kwa sababu mguu wangu umezoea raba za lami. Pili zile za mchanganyiko, Pegasus Trail au Hoka Challenger. Tatu Salomon Speedcross, zile zenye kashata, yaani vinundu vya soli, kama tairi la trekta. Bajeti ni 300,000, nikijibana sana 350,000. Jozi mbili mpya siwezi.

Kocha wa Njiro

Binti, nashukuru umetaja njia unayopita. Wengi huuliza "raba gani nzuri" tu, na hilo swali halina jibu.

Anza na kashata. Raba ya lami ina soli karibu bapa, na mpira wake ni mgumu ili usilike haraka. Speedcross ina kashata za milimita 5 hivi, zimeachana makusudi ili tope lipate pa kudondokea, na mpira wa raba za namna hiyo hufanywa laini ili ung'ang'anie. Ukiziingiza kwenye lami, uzito wako wote unasimama juu ya vinundu vichache. Utahisi kama unakanyaga kokoto, na vile vinundu vitasagika mapema kuliko unavyodhani. Za mchanganyiko zipo katikati: kashata za milimita 3 au 4, zimesogeleana hasa pale katikati ya soli, kwa hiyo kwenye lami zinaviringika bila kugonga.

Sasa piga hesabu yako. Lami 5, vumbi gumu 4. Hizo ni kilomita 9 kati ya 12 ambazo hazihitaji kashata ndefu hata kidogo. Na mashindano yako ni lami. Mimi nasema namba mbili.

Mlima wa Lushoto

Kocha, shikamoo. Naomba nitofautiane na wewe kidogo.

Hesabu ya kilomita ni sahihi, ila mtu haumii kwenye zile kilomita 9 zilizo salama. Anaumia kwenye zile mita 300. Dada ameshaanguka hapo mara moja. Mimi nakimbia Usambara, mwezi wa nne nikishuka kutoka Magamba njia ni utelezi mtupu, na nimejaribu kashata za milimita 3. Zilijaa tope hatua kumi za kwanza, baada ya hapo nikawa nateleza kama niko kwenye sabuni. Nilipohamia za milimita 5 nikaanza kushuka nikiwa nimesimama wima, si kwa kuchutama na kushika majani.

Kwenye lami zinachosha, nakubali. Lakini uchovu unapona kwa usingizi, mkono uliovunjika haufanyi hivyo.

Kocha wa Njiro

Marahaba. Umesema kweli na mimi nilipaswa kuuliza mapema: Binti, huo mteremko unakuwa na tope miezi mingapi? Na je, una njia nyingine ya kurudi nyumbani?

Niongeze jambo moja. Udongo wa mfinyanzi ulioloa nusunusu, ule unaonata, unajaza kashata za urefu wowote. Ukishajaa, hata kiatu cha milimita 6 kinakuwa kipara. Kashata ndefu zinasaidia sana kwenye tope laini na kwenye majani mabichi. Kwenye mwamba uliolowa au mzizi uliolowa zinasaidia kidogo tu. Hapo kinachokuokoa ni aina ya mpira na jinsi unavyokanyaga.

Binti Uru

Shikamoo kocha. Masika yenyewe, Machi hadi Mei, mteremko haufai kabisa. Vuli ni siku chache chache, mvua ikikatika kesho yake pameshakauka. Njia nyingine ipo, ya kuzungukia kanisani. Inaongeza kilomita moja na nusu, kwa hiyo nitalazimika kuamka mapema zaidi na giza la huko silipendi.

Mkimbia Karura

Salamu kutoka Nairobi. Hapa Karura tuna udongo mwekundu kama huo wenu, na ukitoka msituni unaingia lami moja kwa moja. Nimepitia swali hili miaka mitatu.

Kwa nini mnamfungia dada kwenye kiatu kimoja? Amesema jozi mbili MPYA hawezi. Mitumba je? Mimi nilinunua raba za kashata ndefu soko la Toi kwa bei ya chakula cha wiki moja. Hizo hazitoki nyumbani isipokuwa mvua imenyesha. Zile mpya, za mchanganyiko, ndizo za kila siku. Kiatu cha mvua hakihitaji sponji nzuri sana kwa sababu ardhi yenyewe imelainika, kinachotakiwa ni soli ishike.

Kwa anayetaka kiatu cha kwetu, kuna Enda. Toleo lao la kwanza waliliita Iten, kwa ule mji wa wakimbiaji, na walilianzisha kwa michango ya mtandaoni mwaka 2016. Ni chepesi, dropu milimita 4. Nakipenda kwa lami na murram (changarawe) iliyoshindiliwa. Kwa vijia vyenye mizizi nisingekipendekeza, soli yake haikutengenezwa kwa hayo.

Fundi wa Memorial

Mkimbia Karura kaniwahi. Mimi ni fundi viatu, pale soko la Memorial, Moshi, napita kila wiki, na raba za mbio nazishona karibu kila siku. Nieleze namna ya kukagua mtumba, kwa sababu watu wanaangalia rangi wanaondoka.

Geuza kiatu kwanza. Kashata za mbele, chini ya kidole gumba, ndizo huisha mapema. Kama zimekuwa fupi sana kuliko za katikati ya soli, mguu uliopita ulikuwa umeshamaliza kazi. Kisha kiweke juu ya meza iliyonyooka, ukitazame kwa nyuma. Kikiegemea ndani au nje, sponji imebonyea upande mmoja na goti lako ndilo litakalolipa. Bonyeza sponji kwa kidole pembeni: ikiwa na mikunjo mingi myembamba na ni ngumu kama kandambili la zamani, imekufa hata kama juu kinang'aa. Halafu kunja mbele na usikilize. Gundi iliyokauka inalia, na ukiangalia pale soli inapokutana na kitambaa utaona ufa mwembamba kama unywele.

Ndani ya ulimi kuna lebo. Raba nyingi huandika tarehe ya kutengenezwa hapo. Kiatu cha miaka kumi hata kama hakijavaliwa siwezi kukuambia ununue, gundi inazeeka kabatini. Na kwenye lebo hiyo soma sentimita, achana na namba nyingine, maana namba za Uingereza, Marekani na Ulaya zinawachanganya hata wauzaji.

Kuhusu kubandika kashata mpya: wananiletea. Naweza kubandika soli ya lami, ila kubandika kashata juu ya soli iliyokwisha kunaongeza uzito, na tope la masika litaing'oa. Nawaambia ukweli na wengine wananikasirikia.

Mazoezi Tiba Arusha

Naona dropu imetajwa halafu ikapitwa. Naomba tuirudie, kwa sababu wagonjwa wangu wengi wa kano ya kisigino wanaanzia hapo.

Dropu ni tofauti ya kimo kati ya kisigino na sehemu ya vidole. Pegasus ya kawaida ni milimita 10. Pegasus Trail inakaribia hapo hapo, na Speedcross ni 10. Zile Challenger nilizopima kliniki zilikuwa 5. Altra Lone Peak ni 0, yaani kisigino na vidole viko kimo kimoja. Dropu ikipungua, kano ya kisigino na msuli wa nyuma ya mguu vinavutwa zaidi, na ukiwa unapanda mlima kama wa Uru vinavutwa zaidi tena. Hakuna dropu mbaya. Kinachoumiza ni kutoka 10 kwenda 0 au hata 5 kwa wiki moja, huku ukiendelea na kilomita zilezile.

Kwa hiyo Binti, ukichagua cha chini kuliko ulichozoea, wiki ya kwanza kivae mara moja tu, umbali mfupi. Wiki ya pili mara mbili. Maumivu ya asubuhi unapokanyaga sakafu mara ya kwanza baada ya kulala, hayo usiyapuuze.

Kijana wa Himo

Vipi zile zenye bamba la kaboni? Naona wote wanaokimbia kwenye TV wanavaa.

Kocha wa Njiro

Kijana wangu, zile ni za lami na za siku ya mashindano. Soli zake ni nene, kiasi kwamba World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, wameweka kikomo cha milimita 40 kwa mashindano ya barabarani. Kiatu kirefu na laini namna hiyo juu ya jiwe linaloyumba, kifundo cha mguu kinapinda kabla hujajua. Kipo pia kiatu cha porini chenye bamba, lakini kazi yake nyingine ni kuzuia jiwe lenye ncha lisichome unyayo. Tuendelee na swali la Binti.

Mama Kibosho

Wanangu, nami niseme kidogo. Nina miaka 54 na nakimbia njia hizo hizo, jirani tu na Uru.

Hamjataja nafasi ya vidole. Kwenye lami kiatu kinachobana kidogo unavumilia. Kwenye mteremko mguu unasukumwa mbele kila hatua, vidole vinagonga ncha, wiki mbili kucha imekuwa nyeusi, mwezi imeng'oka. Mimi nimepoteza nne. Nenda dukani jioni, miguu ikiwa imevimba kwa kutembea, uvae na soksi zako za mbio. Nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Kisha shuka ngazi za duka, usizunguke kwenye zulia peke yake.

Na lile tundu la mwisho la kamba, lile la pembeni ambalo kila mtu anadhani ni pambo: pitisha kamba kutoka nje ifanye kitanzi kidogo kila upande, kisha pitisha ncha ya kamba ya upande wa pili ndani ya kile kitanzi, uvute kwenda chini, ufunge. Kisigino kinatulia, mguu hausogei mbele.

Usinunue ya Gore-Tex, ile yenye kitambaa kisichopitisha maji. Ni nzuri kwa umande, lakini ukikanyaga mfongo maji yanaingia kwa juu na hayatoki. Unakimbia na ndoo mbili miguuni. Ya wavu mwembamba maji yanachujika ukiwa njiani.

Mlima wa Lushoto

Mama, shikamoo. Hilo la Gore-Tex nalishuhudia. Na kukausha: jaza magazeti ndani, weka kivulini. Jua kali na jiko vinalegeza gundi.

Binti, nimesoma hoja zote na narekebisha msimamo wangu. Kama mteremko ni miezi mitatu tu, wazo la Mkimbia Karura linaishinda hoja yangu. Ila naomba usivae za mchanganyiko hapo mwezi wa nne ukidhani zitatosha.

Binti Uru

Asanteni sana, mama yangu shikamoo. Narudisha majibu.

Jumamosi nilikwenda Arusha jioni, na soksi zangu. Challenger ni laini mno, lami ningeifurahia, lakini nilipokanyaga ukingo wa ngazi makusudi nilihisi mguu unayumba. Pegasus Trail ilikuwa imara zaidi, na kwa maelezo ya Mazoezi Tiba sibadilishi dropu niliyozoea. Saizi yangu ilinigonga kidole kwenye ngazi, nikapanda nusu saizi. Tumeelewana 270,000.

Jumatatu nimepita Memorial. Nimepata za porini, kashata zimesimama, lebo inaonyesha hazijafika miaka mitatu, nimezikunja na hazikulia. Muuzaji alianza 70,000, tumemalizana 45,000. Jumla 315,000. Fundi, ukiwepo Alhamisi nakuletea uziangalie, kuna uzi umefumuka kwenye ulimi.

Leo nimezikimbilia zile mpya njia nzima. Lami sikuona tofauti na za zamani, labda mlio kidogo. Kwenye mawe nimepita bila kuchagua pa kukanyaga. Mteremko ni mkavu, kwa hiyo bado sijui. Kidole kikubwa cha kushoto kimegonga mara mbili pale chini, kesho nafunga kamba kwa lile tundu la mwisho nione.