VTS (kifaa cha kufuatilia mwendo na mahali lilipo basi) inazima tukipiga starta
Swali: Wakuu, basi ni la volti 24. Kila tukipiga starta, VTS inapotea kwenye mfumo dakika kadhaa. Fundi anataka tununue kifaa kipya.

Jibu: Usinunue kwanza, mkuu. Starta ikizunguka, pima volti kwenye plagi ya kifaa. Betri zikisoma 20 na plagi 7, shaka ethi (waya wa hasi wa kifaa): safisha kutu, ifunge kwenye chesisi yenyewe, si kwenye bati la dashibodi.

Jibu: Na antena ya GPS ikae chini ya plastiki, uso juu. Chuma kinazuia setilaiti, halafu ramani inaonyesha basi limelala porini!

Jibu: Ikipona, msiangalie spidi tu. Kagueni muda injini inaonguruma bure stendi; dizeli inapotelea hapo, takriban lita 2 hadi 3 kwa saa.