Nimeongezeka kilo 27 tangu niolewe, na mama yangu amepungua kilo 9 ndani ya miezi mitano: naomba ushauri

Binti wa Pongwe (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, habari za wakati huu. Ninaandika kuhusu watu wawili wa nyumba moja, yaani mimi na mama yangu mzazi, kwa sababu uzito wetu unakwenda njia mbili tofauti na nimeshindwa kujua ni upi unaopaswa kunitia hofu zaidi.

Nina umri wa miaka 47 na urefu wa sentimita 160. Nilipoolewa nikiwa na miaka 23 nilikuwa na kilo 54, baada ya mtoto wa tatu nikafika 68, na mwezi uliopita mizani ilisoma 81. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyenitahadharisha, kwani kila niliporudi Tanga nilipokewa kwa maneno kwamba nimenawiri na ndoa imenikubali, nami nilifurahi kuyasikia. Sasa hedhi imeanza kuruka miezi, tumbo limekua kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili, goti la kulia linauma ninaposhuka ngazi, na sukari niliyopima asubuhi kabla ya kula ilikuwa 6.3.

Mama ana miaka 74 na urefu wa sentimita 155. Amekuwa mnene tangu nipate akili, ana kisukari kwa miaka 11 na anatumia vidonge vya glibenklamidi. Alipohamia kwangu Dar es Salaam mwezi Januari alikuwa na kilo 75, na mwezi Juni alikuwa na 66. Ndugu wakipiga simu ya video wanampongeza, na katika kituo cha afya tulikokwenda tuliambiwa kwamba kwa urefu wake uzito bado umezidi, kwa hiyo aendelee hivyo hivyo. Lakini wiki iliyopita alipokuwa akiosha mchele, pete yake ya ndoa, ambayo zamani haikuvuka hata kwa sabuni, ilimteleza ikazama kwenye beseni. Nilipomsaidia kufunga kanga niliona mapaja yamesinyaa na ngozi inaning'inia. Anaacha nusu ya sahani, na alfajiri nyingine anaamka shuka limelowa jasho.

Je, kwa umri wangu bado kuna faida ya kupunguza? Na je, mama aachwe aendelee kupungua?

Muuguzi Mstaafu

Mdogo wangu, ninaanza na mama kwa sababu jambo lake halisubiri.

Mtu mzima ambaye hakukusudia kupungua, akipoteza asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12, anatakiwa kuchunguzwa. Mama yako amepoteza asilimia 12 kwa miezi mitano. Ni kweli kwamba kwa kilo 66 jedwali la uzito na urefu bado linamhesabu kuwa amezidi uzito, lakini jedwali linatazama siku moja tu, wala halijui kwamba Januari alikuwa na kilo 75. Mpelekeni hospitali yenye daktari wa magonjwa ya ndani, mkaeleze tarehe na kilo zake kama ulivyotueleza hapa. Waangalie kifua kikuu, tezi ya shingo, figo, damu, na uwezekano wa uvimbe. Wamuulize pia mambo ambayo mara nyingi hayaulizwi, yaani meno, kumeza, usingizi na huzuni, kwa sababu mzee aliyehamishwa kutoka kwake na majirani wake aliowazoea anaweza kuacha kula bila kuwa na ugonjwa wowote wa tumbo.

Jasho la alfajiri ndilo lililonishtua. Glibenklamidi hushusha sukari hata kama mgonjwa hakula, na kwa wazee hukaa mwilini muda mrefu. Kwa hiyo mzee anayemeza kidonge kilekile huku akila nusu ya chakula anaweza kushukiwa na sukari usiku. Kama mna kipimo nyumbani, mpime saa kumi na moja alfajiri, au wakati wowote anapotoka jasho, kutetemeka au kuzungumza maneno yasiyoeleweka. Ikiwa chini ya 3.9 na anaweza kumeza, mpe vijiko vinne vya chai vya sukari katika maji, mpime tena baada ya dakika 15, kisha ale. Kama hawezi kumeza, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Msiache dawa kwa uamuzi wenu, ila daktari ajue kesho, si mwezi ujao.

Jaribu pia jambo moja dogo. Mkalishe kwenye kiti kisicho na mikono, kimeegemezwa ukutani, mikono yake ikunjwe kifuani, asimame na kukaa mara 5 ukiwa pembeni yake. Akichukua zaidi ya sekunde 15, au akishindwa kabisa, huenda sehemu ya kilo zile 9 ni misuli, na mzee anayepoteza misuli yu karibu na kuanguka.

Mpenda Takwimu

Dada, kuhusu wewe mwenyewe. Gawa kilo zako 27 kwa miaka 24 uone kwamba ni kilo moja na kidogo kwa mwaka, na ndiyo maana hukuiona ikija. Mwaka 2017 watafiti wa Harvard walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 90,000 na wanaume zaidi ya 25,000 wa Marekani, wakilinganisha uzito wao wa ujanani, yaani miaka 18 kwa wanawake na 21 kwa wanaume, na uzito wa miaka 55. Kila kilo 5 zilizoongezeka katika kipindi hicho ziliendana na hatari ya kisukari iliyopanda kwa takriban asilimia 30 na ya shinikizo la damu kwa asilimia 14, na uwezekano wa kuzeeka ukiwa na afya ya mwili na akili ulishuka kwa asilimia 17. Wale si watu wetu na vyakula vyao si vyetu, lakini jinsi mafuta ya tumbo yanavyofanya insulini ishindwe kazi haibadiliki kwa kuvuka bahari.

Faida ya kupunguza ipo, tena haihitaji urudi kilo 54. Utafiti mwingine wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 uliwachukua watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda kama yako, wakalenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, na waliopata kisukari walipungua kwa asilimia 58. Kwa waliofikisha miaka 60 na kuendelea, upungufu ulikuwa asilimia 71. Asilimia 7 yako ni kilo 6 hivi. Goti nalo litakushukuru, kwa kuwa kwa wenye magoti mabovu kila kilo moja inayotoka mwilini huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua.

Tafuta futi ya fundi cherehani ujipime kiuno, kati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga. Kwa mwanamke, hatari huanza kupanda kwenye sentimita 80.

Mzee wa Bandarini

Naomba kutofautiana kidogo. Bibi zetu walikuwa wanene na waliishi hadi miaka 90. Tusiwatie watu hofu.

Muuguzi Mstaafu

Kaka, una hoja ndani yake. Tafiti nyingi za watu waliovuka miaka 65 zimeonyesha kwamba wanene wa kiasi hawafi mapema kuliko wembamba, na wembamba sana ndio hufa mapema zaidi, kwa sababu mwenye akiba mwilini huhimili homa ya mapafu au nyonga iliyovunjika. Hiyo ndiyo sababu simwambii mama wa miaka 74 apungue. Lakini binti wa miaka 47 mwenye sukari ya 6.3 bado hajafika huko, na bibi tunaowakumbuka ni wale waliofika. Waliokufa kwa kiharusi wakiwa na miaka 58 hatukupata nafasi ya kuwaona wakizeeka.

Baba Wawili, Moshi

Dada, usipunguze kwa njia niliyopita mimi. Nikiwa na miaka 55 nilijinyima, nikala mlo mmoja kwa siku kwa miezi mitatu na kupoteza kilo 14. Watu walinisifu, lakini ndoo ya lita 20 niliyozoea kuibeba kutoka bombani hadi jikoni nilianza kuitua njiani mara mbili. Niliporudia kula kawaida, kilo 11 zilirudi zote tumboni. Safari ya pili nilipunguza ugali hadi saizi ya ngumi yangu, nikaongeza maharage, dagaa na mchicha, nikaacha soda na sukari ya chai, nikaanza kunyanyua madumu ya maji mara tatu kwa wiki. Imenichukua mwaka mzima kupoteza kilo 8, na ndoo naibeba bila kuitua.

Binti wa Pongwe

Ninarudi kuleta majibu. Alfajiri ya siku ya pili baada ya uzi huu, mama alipima 3.4. Nilifanya kama nilivyoelekezwa, ikapanda hadi 5.1, na asubuhi ile tukaenda hospitali. Daktari ameondoa glibenklamidi na kumwanzishia dawa nyingine. Picha ya kifua na makohozi havikuonyesha kifua kikuu, majibu ya tezi ni mazuri, na kipimo cha figo tunakisubiri. Jambo ambalo hakutuambia kwa miezi yote ni kwamba meno yake ya bandia ya chini yanamkata ufizi, kwa hiyo nyama, maharage na hata chapati alikuwa akiviacha na kunywa uji mwepesi. Kwenye kiti alisimama mara tatu tu. Kiuno changu ni sentimita 98. Jioni tunatembea naye hadi msikitini na kurudi, yeye akinishika mkono. Je, nimpime uzito kila siku?

Muuguzi Mstaafu

Hapana, mara moja kwa wiki inatosha, kwa mizani ileile, asubuhi kabla ya chai, na uandike kwenye daftari pamoja na wako. Hadi meno yatengenezwe, mpondee maharage, mpe mayai na mtindi, ale kidogo mara tano kwa siku. Mazoezi ya kiti aendelee nayo akianza na mara tatu hizo hizo, asubuhi na jioni. Kwa mzee kama yeye kwa kawaida tunalenga gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili, ila figo zikiwa na hitilafu kiasi hicho hubadilika, kwa hiyo jibu la kreatinini, yaani kile kipimo cha figo, likitoka liweke hapa kabla hujaongeza zaidi.