Kifaa cha kuzungusha mpira wa gofu au beseni la maji ya chumvi: nichague kipi?

Shimo la Tisa
Wanagofu wenzangu, salaam. Nimekaribia kununua kile kifaa cha betri cha kutafuta upande mzito wa mpira: huuzungusha kwa kasi mpaka utulie, ndipo unapouchora mstari kwa kalamu. Mwenzangu ninayecheza naye anasisitiza kwamba beseni la maji ya chumvi litanipa jibu lile lile. Kwa mliotumia vyote viwili, kipi ni bora, na je, mchezo unabadilika kweli?

Kipimo Kwanza
Ndugu yangu, hujatueleza handikapu yako (kipimo cha kiwango cha mchezaji; kadiri ilivyo ndogo ndivyo alivyo bora) ni ngapi, mipira yako ni mipya au ya kuokota, wala mikwaju yako inapotea wapi. Anayehitaji mikwaju mitatu kila afikapo kwenye grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo, kwa sababu hajui kukadiria umbali hawezi kuokolewa na kifaa cha aina yoyote. Tupe kwanza habari hizo.

Mkono wa Kushoto
Mimi ni mtu wa beseni, tena kwa sababu zinazoeleweka. Sheria zinataka mpira usizidi gramu 45.93 na kipenyo chake kisipungue milimita 42.67, na ukipiga hesabu utaona kwamba mpira kama huo ni mzito kuliko maji kwa takribani asilimia 13, ndiyo maana huzama bwawani. Ukikoroga chumvi ya kutosha, hata ya mezani, mpira utaelea na upande wake mwepesi utajitokeza juu. Utie nukta hapo, uuzungushe kwa kidole, uutazame. Nukta ikirudi juu upesi kila mara, mpira huo una kasoro. Ikibaki popote ulipoiacha, una mizani nzuri. Bryson DeChambeau, bingwa wa U.S. Open, mashindano makubwa ya gofu ya Marekani, mwaka 2020, amewahi kueleza hadharani kwamba huitia mipira yake katika maji ya chumvi ya Epsom ili ielee.

Mstari Mmoja
Pamoja na heshima zangu kwa Mkono wa Kushoto, nukta haimsaidii mchezaji kulenga. Mpira unapozunguka kwa kasi, uzito uliozidi husogea kwenye duara la katikati, na duara hilo ndilo tunalolichora. Ukiuweka mpira kwenye grini mstari ukiwa umesimama wima na kuelekea unakolenga, upande mzito utabingirika kwenda mbele badala ya kuuvuta mpira kushoto au kulia. Mimi sitacheza tena bila mstari wangu.

Mzee wa Alfajiri
Nilinunua kifaa hicho na kukiamini kupita kiasi. Nilichora mstari kwenye mipira 24, nikaenda nayo kwenye fainali ya mashindano ya klabu yetu. Siku hiyo nyasi zilikuwa na umande, na kila nilipouokota mpira kuupangusa, wino ulibaki kwenye kidole gumba changu na mstari ukazidi kufifia. Niliinama muda mrefu nikiurekebisha mpira kwa unywele mmoja kushoto, unywele mmoja kulia, hadi mwenzangu akaniomba niharakishe. Katika shimo la 16 nilikuwa umbali wa hatua mbili tu. Niliupanga mstari vizuri kabisa, lakini sikuutazama mteremko, na mpira ukapita upande wa chini wa shimo. Nilipofika nyumbani niliuzungusha mpira ule ule mara nne, kila mara nikiuanzisha upande tofauti, nikapata mistari minne isiyolingana. Maana yake ni kwamba mpira haukuwa na kasoro yoyote ya kutajika. Kifaa huonyesha mstari hata pale ambapo hakuna cha kuonyesha, na jambo hilo sikuelezwa na aliyeniuzia.

Mstari Mmoja
Mzee wangu, pole sana. Hata hivyo, kosa hilo ni la kuusahau mteremko, si la mstari.

Mzee wa Alfajiri
Mwanangu, mstari ndio uliochukua macho yangu.

Binti wa Feawei
Naomba kuuliza kuhusu sheria. Je, kuutia mpira katika maji ya chumvi si kuubadilisha?

Kipimo Kwanza
Hapana, dada. Kanuni ya 4.2 inakataza kucheza mpira ambao sifa zake zimebadilishwa kwa makusudi, kwa mfano kwa kuukwaruza, kuupasha moto au kuupaka kitu. Kuuacha uelee majini, kuusuuza na kuukausha si kuubadilisha, na mstari wa kulengea unaruhusiwa. Lakini kumbuka kwamba unaweza kuuelekeza mstari unakotaka kwenye tii, yaani mahali pa kuanzia kila shimo, na kwenye grini baada ya kuweka alama pale mpira ulipo. Katikati ya hapo kwa kawaida unaupiga mpira ulivyolala, na upande mzito utakuwa popote. Kwa hiyo naona faida kubwa zaidi ni kuutambua mpira mbovu na kuuacha nyumbani.

Mkono wa Kushoto
Hapo umenena. Enzi za mipira iliyosokotwa kwa nyuzi za raba juu ya kiini, mibovu ilikuwa ya kawaida. Ile ya sasa yenye kiini kigumu imetengenezwa vizuri zaidi.

Shimo la Tisa
Nawashukuru nyote, na samahani kwa kutoeleza mapema. Handikapu yangu ni 22, na mipira yangu mingi ni ya kuokota, ya kila aina. Jioni hii nitajaribu beseni. Niweke chumvi kiasi gani?

Mkono wa Kushoto
Ongeza kidogo kidogo huku ukikoroga hadi mpira uelee. Itakwenda nyingi kuliko unavyodhani.

Mstari Mmoja
Ukishamaliza, ijaribu mipira iliyofaulu kwenye kifaa cha mtu kabla hujaamua. Usikikatae kabla hujakishika.

Binti wa Feawei
Na ile mipira iliyokaa bwawani kwa miezi, je, beseni linaweza kuonyesha kama imeingia maji?